Mwanza kwa rangi tano za udongo: picha ikikugomea anzia hapa

Vijana wengi wananikuta nimekaa pale Kamanga au kule juu Capri Point na kibao changu cha rangi, wanachungulia, wanahesabu moja mbili tatu nne tano, alafu swali ni lilelile, kaka bluu iko wapi? Sina. Kwenye kibao kuna oka ya njano, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), amba (kahawia ya giza), nyeusi ya mifupa na nyeupe ya titani, basi. Na ziwa linatoka, mawe yanatoka, mabati ya Igogo yanatoka na moshi wa mama lishe unatoka. Wengine wakifika nyumbani wanajaribu, wanarudi na picha imewagomea kabisa na wameshaanza kuulizia bei ya tyubu zingine tatu. Ndo maana nimeamua niandike, ukiona dalili hii sababu huwa hii na dawa yake hii.

Kwanza hakikisha tyubu zenyewe. Jina la mbele usiliamini sana, geuza nyuma usome ile namba ndogo ya aina ya rangi. Oka ya asili ni PY43, ya kiwandani PY42, zote sawa tu. Siena na amba zote zinaandikwa PBr7 kwa hiyo hapo soma na jina pia, na siena nyingi za bei ya chini ukiangalia ni PR101, ambayo ni nyekundu kali zaidi, itumie ila kwa ncha ya kisu. Nyeusi tafuta PBk9, ile inayotokana na mifupa iliyochomwa. Nyeupe PW6. Kama tyubu haina namba yoyote ya hivo iache dukani, niliwahi kununua nyeupe ya hivo mahali fulani ikaja kugeuka rangi ya meno ya mvuta sigara ndani ya mwaka, picha nzima ikaharibika.

Alafu kuna kisa kimoja lazima nikiseme mapema maana ndo mzizi wa karibu matatizo yote hapa chini. Kulikuwa na mkemia Mfaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, wale wanaofuma mazulia ya ukutani. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimepauka. Akazichunguza, weusi hauna shida yoyote, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake, nyeusi ikikaa karibu na bluu au zambarau iliyokoza jicho linaiona imefifia. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hilo jambo. Kwa hiyo wewe ukiwa na rangi tano tu na picha imekugomea, usianze na "nimepungukiwa rangi gani", anza na "hii rangi nimeiweka jirani na nani".

"Picha yote imekuwa uji wa ulezi"

Hii ndo inaongoza. Mtu kapaka siku nzima, mawe kahawia, nyumba kahawia, ardhi kahawia, ukirudi nyuma hatua tatu huoni kitu, ni uji tu. Na hapo ndo anasema rangi za udongo ni mbaya.

Pima hivi. Finya macho mpaka uone picha kwa shida. Au chukua simu, piga hiyo picha, ondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimegeuka kijivu kimoja basi tatizo lako sio rangi, ni giza na mwanga, kwa kifupi toni. Rangi kali kama za Tingatinga zinaweza kutenganishwa na rangi yenyewe, nyekundu inajitenga na kijani hata kama toni zao zinafanana, lakini rangi za udongo ni ndugu wa tumbo moja, hazitofautiani sana kwa sura, ukizinyima tofauti ya giza na mwanga zinashikana zote.

Dawa: kabla hujagusa kanvasi changanya mafungu matatu makubwa kwenye kibao, la mwanga, la kati na la giza, na uhakikishe ukiyafinyia macho yanaachana kabisa. Tuseme unapaka zile nyumba zinazopanda mlima Mabatini. Mwanga ni kuta zinazopigwa na jua pamoja na mabati mapya. Kati ni mawe na mabati ya kutu. Giza ni chini ya mawe, madirisha, na yale mapengo membamba kati ya nyumba na nyumba ambapo hata mbuzi anapita kwa kujibana. Usigawe sawasawa, la kati liwe jingi sana, giza kiasi, mwanga kidogo mno, ukigawa theluthi theluthi picha inakuwa na madoa kama ngozi ya ng'ombe.

Sababu ya pili ya uji ni kuchanganya vitu vingi kwa wakati mmoja. Rangi mbili na nyeupe, mwisho hapo. Ukitia oka na siena na amba na nyeusi kwenye fungu moja unapata maji ya mfereji na hakuna kitu kitakachoyaokoa. Na usikoroge mpaka fungu liwe laini kabisa, acha michirizi kidogo, ukuta wa udongo wenyewe hauna rangi moja. Ya tatu ni maji machafu, weka makopo mawili, moja la kuoshea brashi na lingine la kuchotea, hili dogo watu wanalidharau lakini nusu ya uji wa wanafunzi unatoka humo.

"Ziwa langu limekuwa chai"

Hapa nikae kidogo maana ndo mahali watu wanapokata tamaa. Siku moja nilikuwa Mwaloni Kirumba napaka mitumbwi, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaja kusimama nyuma yangu. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitika, "Marahaba mwanangu, na hilo ndo ziwa?" Nikasema ndio mama. Akaangalia tena. "Mbona kama chai imemwagika?" Nikaangalia na mimi, kweli, ni chai ya maziwa. Tangu siku hiyo oka haikanyagi kwenye maji yangu bila sababu, maana ndo ilikuwa kosa, niliona mchanga unatifuka pale pwani nikatia oka kwenye nyeupe ya maji yote mpaka ng'ambo.

Sababu ya kwanza basi ni hiyo, njano imeingia majini. Changanya nyeusi ya mifupa na nyeupe peke yake. Ile nyeusi ina ubaridi wa bluu ndani yake, haionekani ikiwa yenyewe ila ukiipa nyeupe inajitokeza. Fanya jaribio, paka kipande cha hicho kijivu kwenye karatasi nyeupe, utaona kijivu cha saruji tu. Alafu kizungushie siena iliyochomwa pande zote. Kitageuka bluu mbele ya macho yako, hujaongeza kitu, umebadilisha jirani tu. Yule Mswidi Anders Zorn, 1860 mpaka 1920, anajulikana hadi leo kwa kibao cha oka, nyekundu ya vamilioni, nyeusi na nyeupe, na nyeusi ndo ilikuwa inashika nafasi ya bluu.

Sasa kama umefanya hivo na bado maji ni ya saruji, sababu ni kwamba umeanza na maji kwenye kanvasi nyeupe. Hayana jirani. Umepaka kijivu, ukaogopa, ukatia hiki ukatia kile mpaka ikawa chai. Mimi siku zote naanza kwa kuipaka kanvasi yote siena nyepesi sana iliyotiwa maji mengi, naiacha ikauke kabisa, alafu kijivu kikikanyaga pale juu kinakuwa bluu kuanzia mpako wa kwanza. Na uache vijisehemu vya hiyo siena vichungulie kati ya mipako, vinayafanya maji yatetemeke.

Kama nyeusi yako ni PBk11, ile ya oksidi ya chuma, hapo utahangaika bure, yenyewe inaelekea ukahawia na kijivu chake ni cha joto. Ibadilishe.

Sababu nyingine, maji hayajalala. Watu wanapaka maji kwa brashi ya kuzungusha kama ukuta, ziwa linasimama wima kama pazia. Mipako iwe ya kulala, mbali iwe myembamba na kubanana, karibu iwe mipana na kuachana. Na ukingo wa mbali uwe umenyooka kabisa, tumia hata kipande cha karatasi kama rula, mstari wa maji ukipinda hata kidogo ziwa linamwagika upande mmoja.

Kingine ni toni tena. Ziwa ni kioo cha anga ila sio kioo kamili. Asubuhi ukiwa upande wa mjini na unaangalia magharibi, jua liko mgongoni kwako na maji yanakuwa na giza kuliko anga. Jioni ukiangalia hukohuko jua liko mbele, na ile njia ya mwanga juu ya maji ndo kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha, kwa hiyo iache mapema, hata ile siena ya mwanzo isiifikie, usiipake kitu alafu uje kuirudishia nyeupe juu, haitawaka. Na sura ya jiwe inayoonekana ndani ya maji kama kwenye kioo, kumbuka kitu cha giza kikiingia majini kinakuwa chepesi kidogo na kitu cha mwanga kinakuwa na giza kidogo. Ukiipaka hiyo sura sawasawa na jiwe lenyewe, mtu hajui jiwe linaishia wapi.

Pale ukingoni maji yana ukijani, na kuna siku magugu maji yanajazana kwenye ghuba. Oka ukiipa nyeusi kidogo inakuwa kijani, kijani cha zeituni hivi, na hapo ndo oka inaruhusiwa kwenye maji, kwa mipako michache ya karibu tu, ng'ambo hapana.

Kuna ambao bado watasema lakini ziwa ni bluu. Nendeni Kamanga saa moja asubuhi mwezi wa saba mkaliangalie kwa dakika kumi bila kuongea, alafu muangalie na picha zenu.

"Mawe yanafanana na viazi"

Kila mtu wa hapa anataka kupaka Jiwe la Bismarck, lile lililopangana na kutokeza ziwani, hata mimi nimelipaka mara nyingi sijahesabu, na karibu kila mtu mara ya kwanza anapata kiazi kimekaa juu ya kiazi. Sababu ni kwamba tunaliona ni la mviringo tunalipaka kama mpira, kivuli kinazunguka taratibu kutoka mwanga kwenda giza.

Lakini haya mawe sio mipira. Ni matale, yaani graniti, na graniti ikiwa bado chini ya ardhi inapasuka kwa mipasuko ya kusimama na ya kulala, inakuwa kama matofali makubwa. Maji yanapita kwenye hiyo mipasuko miaka na miaka yanaliozesha jiwe kuanzia pembezoni, na pembe zinaoza haraka kuliko bapa kwa sababu zinashambuliwa pande mbili tatu kwa mpigo. Baadaye udongo uliooza ukichukuliwa na mvua yanabaki yale ya katikati yamepangana moja juu ya lingine. Kwa hiyo jiwe la Mwanza ni sanduku lililosagika pembe. Ukishalijua hilo viazi vinaisha. Chora sanduku kwanza, bapa la juu, ubavu wa jua, ubavu wa kivuli, toni tatu zilizoachana, alafu ndo ulainishe pembe tu, katikati ya bapa usiguse.

Rangi zake: juu ni nyeupe na nyeusi na oka kidogo sana. Ubavu wa jua ni nyeupe na siena, kidogo tu, na nyeusi ya kuituliza, utaona inatoka ule uwaridi wa graniti. Ubavu wa kivuli ni amba na nyeusi na nyeupe kiasi, ila sehemu ya chini kabisa ya kivuli itie joto, siena, kwa sababu mchanga na ardhi vinarudisha mwanga kutoka chini. Ukikosa hilo kivuli kinakuwa shimo. Ile michirizi myeusi inayoshuka pale maji ya mvua yanapopita ipake mwisho, brashi kavu, kwa kushuka. Ule weupe wa kinyesi cha ndege mnandi kwenye mawe ya majini usitumie nyeupe tupu, tia oka chembe, nyeupe tupu itakuja kugombana na ule mwanga wa maji.

Kama jiwe linaelea, yaani halijakaa chini, umesahau giza jembamba pale linapogusana na ardhi au na jiwe lenzake. Ni mstari mmoja tu, amba na nyeusi, unene wa uzi. Na kama jiwe linaonekana dogo kama la kuinjika sufuria ilhali wewe uliliona kubwa kuliko nyumba, weka nyumba. Dirisha moja, mlango mmoja, kamba ya nguo pembeni yake. Nyumba ndo rula ya jiwe hapa kwetu.

"Mabati yote ni mekundu"

Umechukua siena ukapaka paa zote. Nenda ukaangalie, kuna mabati ya rika tatu. Jipya ni kioo, linachukua anga, mara nyingi ndo jeupe kuliko kuta, lipake kijivu chepesi kisicho na joto lolote. La rika la kati ni kijivu lenye mabaka ya amba, na kutu inaanzia kwenye misumari, kwenye kingo zilizokatwa na pale bati linapolalia lenzake, sio katikati. Zee ndo siena, na lenyewe litie amba upande wa chini. Siena tupu kutoka kwenye tyubu ipe paa mbili au tatu tu kwenye mlima mzima. Mistari ya migongo ya bati usichore yote, chora kwenye paa la karibu, tena nusu yake.

Na paa za bluu? Zipo nyingi, najua. Kijivu cha nyeusi na nyeupe katikati ya paa mbili za siena, mwenyewe utaiona bluu.

"Ng'ambo haiendi mbali"

Vilima vya upande wa Sengerema vimekuja mpaka mlangoni kwa sababu vina njano na vina giza. Vitoe njano kwanza, alafu vipandishe toni mpaka vikaribie anga, kingo zilainike. Kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, kukiwa na moshi wa mashamba hewani mbali panakuwa na uwaridi badala ya ubaridi, hapo siena chembe inaruhusiwa. Lakini paka unachokiona siku hiyo.

"Vivuli vinaelekea pande mbili"

Ulikaa muda mrefu. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na tuko magharibi ya saa za nchi, kwa hiyo jua la utosi kwetu halifiki saa sita, linafika karibu saa saba. Katikati ya mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa linakaa utosini kabisa, vivuli vinaingia chini ya vitu vinapotea, mlima wote unakuwa bapa. Fanya kazi kuanzia saa moja mpaka saa tatu na nusu, alafu tena kuanzia saa kumi jioni. Vivuli vyote vifunge ndani ya dakika kumi na tano za mwanzo kwa amba nyembamba, na baada ya hapo hata jua likihama wewe usihame. Kazi ikibaki rudi kesho saa ileile. Siku za masika zenye wingu zito hakuna vivuli, usivitunge, paka toni mbili tu na maji.

"Ilikuwa nzuri mbichi, imekauka imekuwa nyingine"

Rangi ya akriliki, ile ya gundi ya plastiki inayolegezwa kwa maji, ikikauka inaongeza giza kidogo, kwa sababu gundi yake ikiwa mbichi ina weupe kama wa maziwa, ikikauka inakuwa wazi. Rangi za maji ni kinyume, zinafifia. Kwa hiyo usilinganishe fungu bichi na mpako mkavu, weka kipande cha karatasi pembeni, paka alama, puliza ikauke, alafu ndo uamue. Upepo wa ziwani unakausha akriliki kwenye kibao ndani ya dakika chache, weka kitambaa kibichi chini na karatasi ya kuokea juu yake, changanyia hapo.

Ya mafuta ina shida yake, sehemu zenye amba na nyeusi zinazama, yaani zinapauka, zinakuwa na ukavu wa vumbi wakati pembeni kunang'aa. Mafuta yamenyonywa na chini. Subiri ikauke, pitisha mafuta ya linsidi kidogo mno kwa kitambaa, futa yote yanayobaki, toni itarudi. Safari ijayo ongeza tabaka la undakoti, yaani mpako wa kutangulia chini ya rangi.

"Mwanga wote umekuwa chaki"

Kila kitu umekipandisha kwa nyeupe. Nyeupe ya titani ina nguvu sana na inapoza rangi, ukitaka ukuta wa siena uwake usikimbilie nyeupe, upandishe kwa oka kwanza, nyeupe iwe ya mwisho na kidogo. Kama chaki imeshakauka pitisha oka nyembamba ya maji juu yake, ukuta unaamka.

Miti nayo ni mambo ya jirani, mwembe uliofifia kwenye picha hauhitaji kijani cha tyubu, unahitaji bati la siena pembeni yake.

"Inapasuka, inabanduka"

Ya mafuta: amba ina manganizi ndani yake ambayo inaharakisha kukauka, nyeusi ya mifupa inachelewa sana. Ukiweka amba nyembamba juu ya nyeusi nene ambayo haijakauka, juu panakauka chini bado panacheza, lazima ipasuke. Chini pawe na mafuta machache, kila tabaka la juu liongeze mafuta kidogo, na nyeusi usiijaze chini. Vivuli vya mwanzo fanya kwa amba.

Kubanduka mara nyingi ni kule chini. Hadibodi upande laini bila kupigwa msasa haishiki. Emulsheni ya nyumba ya bei rahisi ikikauka ipitishie kidole, kidole kikitoka cheupe hata rangi yako itatoka. Amerikani ipake undakoti kabla ya rangi ya mafuta, mafuta yakigusa uzi wa pamba moja kwa moja yanauozesha taratibu, leo huoni kitu, baada ya miaka kadhaa kitambaa kinachanika kama karatasi.

"Nimetengeneza rangi ya udongo wangu ila ina mchanga na inapukutika"

Hili nalipenda kuliko yote. Oka na siena ni udongo tu wenye oksidi za chuma, na sisi udongo tunao. Ila udongo wetu mwingi umetokana na hayo mawe, kwa hiyo una mchanga mwingi, na ndo sababu ya kwanza ya rangi kukwaruza. Usiusage, uoshe. Udongo wa kichuguu ni mzuri maana mchwa wameshachagua chembe laini. Ukichimba chimba chini ya mizizi, ule mweusi wa juu una majani yaliyooza utaota ukungu, na usichimbe kwenye mteremko chini ya nyumba ya mtu. Weka udongo kwenye ndoo, maji mengi, koroga, hesabu mpaka kumi mchanga utuame, mimina yale maji ya tope kwenye ndoo ya pili ukiyachuja kwa soksi ndefu ya kike. Rudia mara tatu. Acha usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, kinachobaki kianike kwenye sinia. Ndoo nzima inaweza kukupa kikombe kimoja tu, ni sawa.

Ukitaka nyekundu, chukua hiyo njano iliyokauka uiweke kwenye kikaango kizee juu ya jiko la mkaa, koroga. Ikikaribia nyuzi 300 hivi maji yaliyofungwa ndani ya ile oksidi ya chuma yanatoka na njano inageuka nyekundu mbele yako, siena iliyochomwa ndo hiyohiyo, jina lenyewe limetoka Siena kule Italia. Kama haigeuki moto haujatosha, au njano yako haina chuma ya kutosha, tafuta kichuguu kingine. Ukisaga funga barakoa, usivute vumbi.

Kupukutika ni gundi haitoshi. Saga unga juu ya kioo kwa tako la chupa pamoja na gundi nyeupe ya maji iliyolegezwa, kidogo kidogo, mpaka iwe kama mtindi. Ikizidi gundi inang'aa kama plastiki na toni inakuwa na giza, ikipungua inapukutika. Paka kipande, acha siku tatu, alafu pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ongeza gundi, rudia kipande kingine, na uandike nyuma ya kila kipande ulichimba wapi na vijiko vingapi.